Ndoo hiyo iko wapi sasa?

Dominika ya Septemba 21, 2025, nilisoma somo la kwanza kigangoni kwetu, kanisa dogo la kijiji lililo chini ya parokia: Nabii Amosi, sura ya 8, mstari wa 4 hadi wa 7. Somo hilo huja Dominika ya 25 ya Mwaka C, kwa hiyo tunalisikia mara moja kila miaka mitatu. Mara yangu ya kwanza kulisoma ilikuwa 2016. Mwaka 2019 liliangukia zamu yangu nikabadilishana na mwenzangu. Mwaka 2022 nilimwambia katekista kifua kinanibana, na kifua hakikuwa kinanibana. Hilo nalo nimekwisha kuliungama. Safari hii nilisimama, nikasoma mpaka mwisho, nikasema "Neno la Bwana", watu wakaitikia "Tumshukuru Mungu", nikarudi kukaa mahali pangu. Jioni yake nikaamua kuyaandika haya.

Kazi yangu ni kununua mahindi. Nimeifanya tangu 2009, huku huku kijijini, Songea vijijini, mkoa wa Ruvuma. Mwezi wa sita mahindi yakishakauka, kila nyumba inatafuta fedha: ada ya shule, deni la mbolea, mahari ya kijana. Wenye magari hawaji kwa mtu mwenye gunia mbili, kwa hiyo mkulima anakuja kwangu na ndoo zake tano au kumi, mimi nakusanya, gari likija nauza mzigo wote pamoja. Mkulima anauza kwa ndoo ya lita 20, ijazwe mpaka ifanye kichwa. Mwenye gari ananunua kwa kilo, gunia limening'inizwa kwenye mizani. Kununua kwa ndoo na kuuza kwa kilo: hapo katikati ndipo dhambi yangu ilipokaa miaka mitano.

Ndoo yenyewe ilikuwa ya plastiki, rangi ya bluu, niliinunua tupu kwa fundi rangi. Jioni moja ya Mei 2012, baba watoto akiwa bado karakana, nilikaanga mchanga wa mtoni kwenye karai mpaka ukawa hauguswi. Nikaumimina ndani ya ndoo, nikausindilia kwa mchi wa kinu. Plastiki ikalegea. Tumbo likatoka nje pole pole, kitako kikabonyea chini, nikaiacha ipoe na mchanga wake hadi asubuhi. Ukiiona peke yake ilikuwa ndoo kama ndoo nyingine. Ilikuwa lazima uiweke kando ya mwenzake ndipo ulione lile tumbo, na mimi sikuiweka kando ya mwenzake hata siku moja.

Wakati huo nilikuwa nailaani hadharani lumbesa, gunia la kujazwa kupita kipimo. Wanunuzi wa mjini walipokuja wakitaka gunia lishonewe kilemba, mimi ndiye niliyesimama kuwatetea wakulima, nikisema ni wizi. Nilisema hivyo kwa moyo wangu wote. Sielewi mpaka leo moyo mmoja unawezaje kubeba maneno yale na ndoo ile, lakini wangu uliweza, na ulilala usingizi mzuri.

Naomba msomaji asidhani nilikuwa mtu wa pembeni kanisani. Nimebatizwa nikiwa na wiki tatu. Baba yangu alilelewa Peramiho kwa Wabenediktini, na nyumbani rozari ilikuwa kama chakula cha jioni. Mimi mwenyewe ni mwanamke wa WAWATA, umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania, msomaji wa kigango, na wakati wa kuezeka kanisa nilitoa bati ishirini, jina langu likasomwa, nikapigiwa vigelegele. Kuungama pia nilikuwa naungama. Amri ya Kanisa inasema walau mara moja kwa mwaka. Mimi nilikwenda Majilio na Kwaresima, bila kukosa.

Ila sikilizeni nilivyokuwa naungama. "Padre, nimewakaripia watoto kwa hasira. Nimekosa Misa mara mbili. Nimesengenya. Nimesema uongo katika biashara. Nimemnunia mume wangu. Sikusali sala za asubuhi." Ule uongo wa biashara mnauona ulipo? Haukuwa wa kwanza wala wa mwisho. Wenye kazi ya nafaka watanielewa upesi: mahindi mazuri chini, mazuri juu, yaliyooza unayaweka katikati. Ndiyo maana mnunuzi mwenye akili huja na bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji, akalichoma gunia ubavuni, punje za katikati zikatoka zenyewe mbele ya macho yenu wote. Mapadre walionisikiliza walikuwa na foleni ndefu nyuma yangu, wakanipa Salamu Maria tatu, nikaondoka. Siwalaumu hata kidogo. Gunia nililipanga mimi na shazia ya kulishonea niliishika mimi.

Mwaka 2016 ulikuwa wa Jubilei ya Huruma, mwaka mtakatifu wa Kanisa Katoliki. Papa Fransisko aliifungua Desemba 8, 2015, ikafungwa Novemba 20 mwaka uliofuata, na katika kila jimbo palikuwa na Mlango wa Huruma wa kupita. Sisi WAWATA tulikodi basi tukaenda kanisa kuu. Nilipita mlango ule nimevaa kitenge changu, nikiimba, machozi yananitoka, na machozi yale hayakuwa ya kuigiza. Wiki ile ile nikarudi kupima mahindi.

Septemba 11 ilisomwa Injili ya mwana mpotevu, na Zaburi ya 51 ikaimbwa. Ilinipita. Septemba 18 ikawa zamu yangu, na kwa uvivu sikulipitia somo nyumbani. Nilifungua kitabu pale pale mbele ya watu, nikaanza. Amosi anawaambia wale wanaowameza wahitaji. Anasema wanaulizana sabato itakwisha lini wafungue ghala. Nilikuwa nasoma vizuri, kwa sauti niliyofundishwa, mpaka nikafika penye efa.

Efa ni kipimo cha nafaka. Katekista alitueleza hilo zamani kwenye semina ya wasomaji. Watu wa Amosi walikuwa wauzaji, kwa hiyo waliipunguza efa. Mimi nilikuwa mnunuzi, nikaitanua. Tofauti yetu ilikuwa hiyo tu. Nikainua macho, kama tulivyofundishwa kwamba msomaji atazame watu. Benchi la tatu upande wa wanaume alikuwa amekaa mzee mmoja jirani yangu, ambaye Jumatano ya wiki ile alikuwa ameniuzia ndoo tisa. Alikuwa ananitazama kama mtu yeyote anavyomtazama msomaji. Nikashusha macho nikamalizia ule mstari ambao Bwana anaapa kwamba hatasahau kamwe hata mojawapo ya kazi zao.

Jumatatu nilinunua ndoo kumi na nne, kwa ndoo ile ile. Ningependa kuandika kwamba niliivunja usiku ule ule. Sikuivunja.

Kilichofuata kimeelezwa vizuri kuliko nitakavyoeleza mimi katika Zaburi ya 32: "Niliponyamaza mifupa yangu ilichakaa." Mistari inayofuata inasema mtu huyo alikuwa kama nchi kavu wakati wa kaskazi. Tulikuwa tunaingia Oktoba, mvua bado, mashamba yamechomwa, vumbi jekundu mpaka ndani ya sufuria. Nilikuwa naamka saa nane za usiku, nasikia panya ghalani, nahesabu ndoo.

Padre hufika kwetu mara moja kwa mwezi. Oktoba 9, kabla ya Misa, alikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe, mgongo kaupa kanisa, stola ya zambarau shingoni, na sisi tukapanga foleni mbali kidogo ili mtu asisikie ya mwenzake. Nilipiga magoti kwenye majani makavu. Nilikuwa nimeapa moyoni kwamba safari hii ndoo nitaitaja kwanza, kabla ya hasira na masengenyo, maana nilijijua.

"Unibariki, Padre, kwa kuwa nimekosa. Nina ndoo niliyoitanua kwa mchanga wa moto. Nimewanunulia watu mahindi kwa ndoo hiyo miaka mitano."

Alikaa kimya. Kisha akauliza swali moja, taratibu, bila ukali wowote.

"Ndoo hiyo iko wapi sasa?"

Hilo ndilo lilikuwa bambo. Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa kwa nini, nimejiandaa kulia, nina hata maelezo kuhusu ada za watoto. Sikujiandaa kuulizwa ndoo iko wapi.

"Iko nyumbani, Padre."

"Umeitumia lini mwisho?"

"Juzi."

Akaniuliza kama nawajua wenye mahindi. Nikamwambia nawajua wote, nina kaunta buku ya kila msimu, majina na ndoo. "Basi una bahati, mama," akasema. "Wengine wamewaibia watu wasiowajua, hawajui warudishe kwa nani." Akanieleza kwa kifupi fundisho la Kanisa, ambalo baadaye nililisoma mwenyewe katika Katekisimu, namba 1459: maondoleo yanaiondoa dhambi, lakini hayatengenezi yote yaliyoharibiwa na dhambi, aliyeiba arudishe, aliyemchafulia mwenzake jina alisafishe. Malipizi yangu yakawa Zaburi ya 51 jioni saba, na kurudisha kwa kadiri nitakavyoweza, nianze mwaka ule ule. Nikasali sala ya kutubu. "Basi sitaki kukosa tena" nilikuwa nimeisema tangu nina miaka tisa. Siku ile niliisikia. Akanyoosha mkono akasema nami nakuondolea dhambi zako, nikafanya ishara ya msalaba, nikaondoka nimechafuka magotini.

(Padre hawezi kuyatoa haya, siri ya kitubio inamfunga hadi kaburini. Mimi ninayeungama sifungwi, ndiyo maana naandika. Wiki mbili baadaye alinikuta sokoni, akaniuliza bei ya maharage, akaenda zake. Nilimheshimu sana kwa bei ile ya maharage.)

Nataka hapa niseme jambo kwa uwazi, kwa sababu watu wamenielewa vibaya nilipowasimulia kwa mdomo. Ninaamini nilisamehewa pale pale chini ya mwembe. Msamaha ule haukununuliwa kwa mahindi, na hata kama ningekufa njiani kurudi nyumbani, naamini Mungu angenipokea. Jioni ile nilikula ugali nikausikia utamu wake. Lakini kusamehewa ilikuwa dakika moja, na kuoshwa kukachukua miaka, kukapita katika mikono ya watu.

Zaburi ya 51 ndiyo iliyonionyesha. Ukiisoma jioni saba mfululizo inaanza kukuuliza maswali. Jioni ya pili nilikwama pale Daudi anapomwambia Mungu kwamba amemtenda dhambi yeye peke yake. Peke yake vipi? Na Uria je, mume wa Bathsheba ambaye Daudi alizini naye, aliyepangwa mstari wa mbele vitani ili auawe? Nilimuuliza katekista, mzee wa zaidi ya miaka sabini, akanijibu kwamba kila dhambi mwisho wake inamgusa Mungu. Nilikubali. Ila usiku nikiwa nimelala nikafikiri: Uria alikuwa amekwisha kufa. Daudi hata angetaka, hakuwa na mlango wa kwenda kugonga. Uria wangu alikuwa hai. Alikuwa anakaa benchi la tatu upande wa wanaume.

Halafu kuna lile ombi la kuoshwa mtu awe mweupe kuliko theluji. Theluji siijui. Nimeiona kwenye picha za Kilimanjaro tu. Lakini weupe naujua, kwa sababu natengeneza unga. Huku kwetu, ukitaka unga mweupe kweli, mahindi unayakoboa, yanavuka ganda, halafu unayaloweka siku tatu. Siku ya kwanza maji yanakuwa ya manjano. Siku ya pili povu. Siku ya tatu yananuka, harufu ya uchachu inajaa ua mzima mpaka mgeni anauliza kuna nini. Unamwaga, unaosha maji mengi, unaanika juani kwenye mkeka, ndipo unasaga. Ule unga hauna doa wala harufu. Jioni ya tano ya zaburi ile nilikuwa naloweka mahindi uani, nikainama juu ya beseni, na ile harufu ikanipiga usoni. Nikajua kwamba mimi bado niko siku ya kwanza.

Nilimweleza baba watoto. Alikuwa anapiga randa ubao wa mlango, akaacha, akafuta jasho, akauliza, "Sasa tutakula nini?" Hakunigombeza. Tukachukua kaunta buku tano na mizani. Ndoo ya kawaida yenye kichwa ilitoa kilo 17 na nusu. Yangu ilitoa 21. Kilo tatu na nusu kila ndoo. Kwa wastani nilinunua ndoo 900 kwa msimu, misimu mitano. Tulipiga hesabu mara tatu kwa sababu mara ya kwanza hatukuiamini: kilo 15,750. Magunia 157 na nusu, ya kaya 43.

Mwanangu mkubwa alikuwa kidato cha tano, yuko likizo. Alisimama mlangoni akisikiliza. "Mama, kwa hiyo ada yangu ilitoka humo?" Nikamwambia ndiyo. Akatoka nje, hakula usiku ule. Kati ya yote niliyolipa, hilo silioni kwenye kaunta buku yoyote.

Nilipomshirikisha rafiki yangu wa WAWATA alinionea huruma kweli. Akaniambia, "Dada, umeshaungama, Mungu ameshafuta. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ukienda kuwaambia utawakwaza watu, utalichafua na Kanisa." Alisema kwa upendo, na kwa wiki mbili nilimsikiliza, maana nilitaka sana awe na haki. Lakini ile methali ni ya kusemwa na aliyeumizwa. Mimi niliyeumiza nikiitamka, najisamehe kwa niaba ya mtu mwingine. Yamepita kwa nani? Mwenzangu bado ana shimo ghalani kwake ambalo mimi ndiye niliyelichimba.

Oktoba 30 ikasomwa Injili ya Zakayo. Mtoza ushuru anashuka mtini, anasimama mbele ya watu, anasema aliyemnyang'anya kitu kwa hila atamrudishia mara nne. Mara nne sikuwa nazo. Mara moja, kwa taabu, ningeweza. Bwana hakumwambia Zakayo kwamba wokovu umefika nyumbani kwake kabla hajafungua mdomo kuhusu mali za watu. Nililiona hilo siku ile ingawa nilikuwa nimeisikia Injili hiyo maisha yangu yote.

Jumamosi ya Novemba 5 tulitoka asubuhi, mimi na katekista. Nilibeba ndoo ya bluu mkono mmoja, na ndoo ya kawaida mkono mwingine. Katekista alibeba kaunta buku. Nilitaka watu waone kwa macho, zikiwa zimekaa kando kwa kando, ili nisipate nafasi ya kujieleza sana. Kila nyumba nilisema maneno yale yale: nimekuibia kwa ndoo hii, kilo kadhaa, naomba unisamehe, nitarudisha.

Nyumba ya kwanza ni ya bibi mmoja mjane. Aliziangalia ndoo zote mbili, akapitisha kiganja kwenye tumbo la ile ya bluu kama mtu anayempapasa mgonjwa. Kisha akasema, "Hii tunaijua, mwanangu. Tuliipa jina. Tunaiita Shimo."

Nilikaa chini, pale pale kwenye vumbi. Miaka mitano nilikuwa nalinda siri, na siri ilikuwa kwangu peke yangu. Walijua wote. Watoto walijua. Walikuwa wanapanga ndani kwa ndani: "Kama unataka fedha leo peleka kwa Shimo, kama unaweza kungoja ngoja gari." Waliniuzia kwa sababu ada haingoji. Na Dominika wakanisikiliza nikiwasomea Neno la Mungu, wakaitikia Tumshukuru Mungu. Nilimuuliza bibi kwa nini hawakunikabili hata mara moja. Akasema, "Ungeacha kununua. Tungekwenda kwa nani?" Akaniinua kwa mkono, akanipa maji, akasema yeye ameshanisamehe siku nyingi, lakini mahindi yake nimletee.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa nyumba nyingi. Mama mmoja alinitukana kwanza kisha akanikumbatia. Kijana mmoja akataka twende kwa mtendaji, na alikuwa na haki; katekista alimwomba angoje msimu mmoja aone. Watu sita walikuwa wamefariki au wamehama. Mafungu ya marehemu niliwapa watoto wao, ya waliohama, ambao hakuna aliyejua waliko, nikawapa wajane wa kijiji kwa mkono wa mwenyekiti wa jumuiya.

Suala la lini nirudishe lilinisumbua kuliko la kiasi. Mwaka 2017 serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje, bei huku kwetu ikaanguka vibaya, na mtu angeweza kusema hiyo ndiyo nafuu yangu: nunua kwa bei ya kutupa Julai, gawa, maliza deni. Lakini mimi ni mfanyabiashara, najua gunia la Julai na gunia la Februari hayalingani, hata kama uzito ni mmoja. Februari ghala ni tupu, mahindi mapya bado yana maua, watu wanakula maboga na mboga. Kilo nilizoiba ndizo zilizokuwa zinapungua Februari. Kwa hiyo tuliuza kiwanja chetu cha barabarani, nikanunua Julai, nikahifadhi, nikarudisha Februari: 2018, 2019 na 2020. Gunia la mwisho nililishusha siku mbili baada ya Jumatano ya Majivu.

Zile bati ishirini nilimuuliza padre kama zinaweza kuhesabiwa. Akasema hapana, kanisa halikuwa limeibiwa mahindi. Zipo bado juu ya vichwa vyetu kila Dominika, na mvua ikinyesha nazisikia.

Ndoo ya bluu niliipasua kwa msumeno wa mume wangu, katikati, kuanzia mdomoni hadi kitakoni. Nusu moja ni chombo cha kunyweshea kuku.

Amebaki yule mzee wa benchi la tatu. Siku ile ya Novemba alinisikiliza amesimama mlangoni, hakutukaribisha kukaa. Nilipomaliza akasema, "Mwaka 2014 nilipungukiwa gunia mbili. Mke wangu alikuwa mgonjwa, nikauza mbuzi. Mahindi nitapokea kwa kuwa ni yangu. Msamaha siwezi kusema ninao, kwa sababu sinao." Akafunga mlango. Katekista aliniambia tusimlaumu kwa kukataa kusema uongo. Alipokea mahindi yake yote, akaniwekea alama ya dole gumba kwenye kaunta buku kila mara. Lakini mbele ya padre, pale tunapopeana amani, mkono wake haukunifikia, na watu wote wakiniita mama, yeye aliniita "wewe". Hakuniuzia tena hata punje. Alikuwa anamsubiri mwenye gari, hata kama ni hadi Oktoba. Ndiyo maana 2019 na 2022 sikuweza kumsomea Amosi. Niliona ni kama kumpora mara ya pili.

Nimemwombea kila siku, kwa miaka minane na kitu, na sikumwomba Mungu kwamba mzee huyo anisamehe. Niliomba tu apone alipoumia. Mkewe, nashukuru, yu hai.

Julai 2025, siku ya Jumanne, nilisikia mkokoteni ukisimama nje ya ghala. Nikatoka nikamkuta mwenyewe na mjukuu wake, na magunia matatu. Hakusalimia. Siku hizi sinunui kwa ndoo. Mizani inaning'inia kwenye boriti mlangoni, uso wake umegeuzwa upande wa mwenye mahindi. Nilitaka kumsaidia kubeba, akanizuia kwa mkono. Wakalining'iniza gunia wenyewe, yeye na mjukuu. Likazunguka, likatulia. Akasogea karibu na sindano ya mizani, akaipangusa kioo kwa ncha ya shati, akasoma.

"Kilo mia moja na mbili," akasema kwa sauti. Akangoja kidogo, akaligusa gunia lizunguke tena, likatulia tena, akasoma mara ya pili. "Mia na mbili. Haya, andika, mama."

Nikaandika.